Dawa Imeshuka Miguuni

Ndugu yangu tulimwita Kabati, na jina hilo nilimpa mimi. Siku hiyo aliingia kwenye chumba changu cha kushonea akitoka kazini, akageuka kuvuta kiti, bega lake likagonga fremu ya mlango na kipande cha plasta kikadondoka. Nikamwambia, "We kabati, huo mlango ni wa kupita watu!" Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kesho yake jina lilikuwa limefika kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akipakia saruji, na kutoka dukani likafika jimu. Hata mke wake, wifi yangu, ambaye si mtu wa utani, alijikuta analitumia.

Yeye mwenyewe alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi. Shuleni walikuwa wakimwita Njiti. Kaptura yake ilibidi ikunjwe mara mbili kiunoni ndipo ishike, na akirudi nyumbani akilia mimi ndiye niliyemfuta machozi, maana ndiye dada mkubwa na mama alikuwa kazini. Mtu aliyeitwa Njiti kwa miaka kumi, halafu akaja kuitwa Kabati, hawezi kukubali kurudi alikotoka. Nililielewa hilo na nilifurahi naye kwa moyo wote.

Jimu yao ilikuwa nyuma ya karakana ya magari, chumba kirefu chenye kioo ukuta mzima na harufu ya jasho na kutu. Mwenyewe alikuwa Kocha, mwanamume mwenye shingo fupi na sauti ya upole, anayewasifia watu kama mama mkwe anayetaka jambo lake. Kwenye kona alikuwa na jokofu dogo. Juu chupa za maji, chini vichupa vya sindano. Mimi nilikiona kile kijokofu kwa macho yangu nilipokwenda kupima vijana wa timu kwa ajili ya fulana, na sikuuliza. Pale hakuna aliyesema steroidi. Walisema dawa. "Umechoma dawa?" "Dawa imekukubali." "Pumzika dawa wiki sita, halafu anza tena." Nani atamgombeza ndugu yake kwa sababu anatumia dawa? Neno lenyewe lina heshima zake. Ukimwambia mtu aache dawa unaonekana mchawi.

Basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Kabati alikuja kwangu kupimwa. Tepu yangu ndiyo aliyoiamini, maana alisema ile ya jimu imevutika kwa kutumiwa na kila mtu. Alivua fulana, akasimama wima katikati ya mabaki ya vitambaa, nami nikampima kifua, mkono, paja, shingo, na kuandika kwenye daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Mkono uliongezeka. Kifua kiliongezeka. Kitu kimoja tu kilikataa katakata: vigimbi, ile misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti. Sentimita thelathini na sita mwaka wa kwanza, thelathini na sita mwaka wa sita. Alipanda ngazi kwa ncha za vidole, alibeba vyuma mabegani akainuka na kushuka mara mia, wapi! Kocha alijaribu kuzidisha dozi. Kifua kikazidi kufura, miguu ikabaki vilevile.

Watu hawana huruma. Walimwambia kabati limewekwa juu ya miguu ya kuku. Mara mbili alipanda jukwaani kwenye mashindano ya watunisha misuli, mara mbili akatoka wa tatu, na mara zote mbili karatasi ya majaji ilikuwa na neno moja tu chini: miguu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Aliniambia, "Dada, mwaka huu au basi tena." Alitaka kitu kimoja tu, kusimama pale mbele halafu mtu amtazame kuanzia chini kwenda juu bila kucheka.

Mwaka huo ndio alioanza kuishiwa pumzi. Zamani alibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, mmoja kila bega, akipiga mluzi. Sasa alibeba mmoja, akaegemea ukuta, akajifanya anafunga kamba za viatu. Nilimwona mimi mwenyewe siku niliyokwenda kununua misumari. Nilipomuuliza alisema mwili mkubwa unahitaji hewa nyingi, kama lori linavyokula mafuta kuliko baiskeli. Kichwa kikimuuma, dawa inafanya kazi. Moyo ukimdunda mpaka fulana ikatikisika, dawa inafanya kazi. Kila ubaya ulikuwa na maelezo, na maelezo yote yalitoka kwenye kile kijokofu.

Jumapili moja, mwezi mmoja kabla ya mashindano, nilipiga magoti na kuzungusha tepu kwenye kigimbi cha kulia. Nikasoma. Nikaizungusha upya. Thelathini na tisa.

"Simama vizuri," nilimwambia.

"Nimesimama vizuri."

"Usikaze."

"Dada, sikazi! Ngapi?"

Nilimwambia. Alinipokonya tepu akapima mwenyewe, halafu akapima wa kushoto, nao ulikuwa thelathini na tisa na nusu. Mwanamume mzima alikaa juu ya rundo la vitambaa akafunika uso kwa mikono. Na mimi nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanikereketa. Nilitoka barazani nikapaza sauti mtaa mzima usikie kwamba miguu ya kuku imekwisha. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisimama akapiga makofi. Jioni hiyo jimu walimnyanyua juujuu, na Kocha ndiye aliyetoa yale maneno yaliyoimbwa wiki nzima: "Dawa imeshuka miguuni!" Wote wakayapokea. Ukimsalimia Kabati njiani, anakujibu, "Imeshuka!" Tulimvika kilemba cha ukoka, na mimi ndiye niliyekishona.

Wifi ndiye pekee ambaye hakushangilia. Alikuja kwangu mchana, bado na unga kwenye nywele kutoka kiwanda cha mikate anakofanya kazi, akakaa bila kukaribishwa.

"Wifi, ndugu yako haniangalii nikimwambia. Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Soksi zikivuliwa zinaacha mfereji. Mfereji kabisa, wifi, unaweza kuweka kidole. Na analalia mito mitatu. Akiiondoa anakohoa."

Nilikuwa nakata kitambaa na sikuacha kukata. Nilimwambia, "Wifi yangu, kama unaona wivu kwa sababu sasa wanawake wanamtazama mpaka miguu, sema tu. Hakuna atakayekucheka."

Alinitazama, akainuka, akajipangusa unga magotini. "Haya," alisema, "nimekwisha kusema." Hakugomba wala hakulia. Laiti angegomba, pengine ningesikia.

Wiki iliyofuata nilikuwa namshonea Kabati suruali ya kuingilia ukumbini, ya kitambaa cheusi chenye kung'aa, imebana chini ili vigimbi vionekane kabla hata ya kuvuliwa. Nilichuchumaa na pini mdomoni kuweka pindo. Kidole gumba changu kilimgandamiza kwenye mfupa wa mguu, na nilipokiondoa, alama yake ilibaki. Shimo. Nilisubiri nyama irudi, kama nyama inavyorudi, nayo haikurudi. Nilibonyeza pembeni. Shimo la pili. Unga uliokandwa ukiubonyeza unafanya hivyohivyo.

Nilitema pini mkononi. "Kabati. Hii ni nini?"

Alijitazama bila wasiwasi. "Maji hayo, dada."

"Maji gani?"

"Maji ya kawaida. Dawa huvuta maji. Wiki ya mwisho tunajikausha: chumvi hakuna, maji mafunda mawili matatu, na vidonge vya kukojoa. Ngozi inashika nyama, kila mshipa unaonekana. Kila mtu anafanya."

"Kwa hiyo hii miguu ni maji?"

Niliona anavyofikiri, na niliona anavyoamua kutofikiri. "Juu maji," alisema, "chini nyama."

Nilimaliza pindo. Angekuwa mteja ningemwambia suruali hii haitakufaa, maana kiungo chenyewe kinaongopa. Kwa ndugu yangu nilinyamaza, kwa sababu siku zile alikuwa anatembea na kaptura barabarani kwa mara ya kwanza tangu utoto.

Siku tisa kabla ya mashindano aliketi juu ya mfuko wa saruji pale dukani na hakuweza kuinuka. Si kwamba alianguka, hapana, aliketi tu, midomo imekuwa ya kijivu, akiwaambia wenzake wasubiri dakika moja. Ilipofika nusu saa mwenye duka akanipigia simu. Nilimpeleka hospitali nikiwa na tepu shingoni, sikukumbuka hata kuivua.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani, amechoka, lakini si mkali. Alimpaka mafuta kifuani, akapitisha kile kifaa cha picha, akatazama skrini kwa muda mrefu. Kifua kile! Wauguzi wawili walipitapita pale bila sababu. Daktari alifuta mafuta, akavuta kiti.

"Moyo wako umekuwa mkubwa," alisema.

Kabati alitabasamu. Naapa alitabasamu. "Umeongezeka kiasi gani?"

Daktari alidhani anamtania. Mimi nilijua hatanii. Kwa miaka sita hakuna kitu mwilini mwake kilichoongezeka bila watu kupiga makofi.

"Moyo si ni msuli?" aliuliza.

"Ni msuli."

"Basi na wenyewe umejengeka."

Daktari alivua miwani. "Nisikilize, kaka. Kwanza kuta zake zilinenepa, kweli. Zikawa ngumu, haujazi damu vizuri. Halafu zikachoka, zikatanuka, sasa ni kama lastiki iliyolegea. Moyo wa mtu mzima ukipiga mara moja unasukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wako unasukuma robo. Damu inarudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu, yanajaa miguuni. Presha yako iko juu sana, na mafuta kwenye damu yamevurugika. Unachoma sindano?"

"Natumia dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mwili."

"Mwili wako ulikuwa unaumwa nini?"

Kabati aliniangalia mimi. Kusema kweli hakuwa ameumwa kitu. Alikuwa mtoto mwembamba tu.

Daktari hakumficha. Aache sindano leo, si kesho. Aache vyuma vizito. Anywe vidonge vyake kila siku bila kuruka. Wapo watu wa aina yake, alisema, ambao wakiacha mapema moyo hurudi nusu njia, hata zaidi. "Sikuahidi kitu. Lakini nafasi unayo sasa. Baada ya miezi sita tupige picha tena."

"Mashindano ni baada ya siku tisa," alisema Kabati.

"Ukipanda juu, mimi siwezi kukuambia utashuka vipi."

Tulitoka na mfuko wa dawa, safari hii dawa kweli. Nyumbani aliumimina mezani mbele yangu na wifi. Aina nne. Akaokota pakiti moja ya vidonge vidogo vyeupe, akaigeuza, uso ukamkunjuka. "Hivi tunavijua," alisema. Ndivyo vile vya kukojoa, vya kutoa maji. Hospitali walimpa vya mwezi mzima ili apumue. Kwa Kocha mtu alipewa sita tu, tena kwa kubembeleza.

Wifi alisema, "Unaapa huendi?"

"Naapa."

Mimi nilikuwepo nikasikia kile kiapo, na ilipofika siku ya nne nikaipiga pasi ile suruali nyeusi na kuitundika. Nilijiambia nguo ya mteja haikai na mikunjo. Nilijua anakwenda. Ndani yangu kulikuwa na mtu aliyetaka aende, mara moja tu, na miguu ile, kisha aache. Nilijua ni ujinga na bado nilinyoosha.

Siku tano za mwanzo aliruka vidonge vya maji, akiviweka akiba. Miguu ikafika arobaini. Siku tatu za mwisho akavimeza vyote, mchana na jioni, bila maji, bila chumvi, midomo imepasuka, anaona kizunguzungu akiinama. Hayo aliniambia baadaye mwenyewe. Wakati ule nilichokiona ni kwamba anapumua vizuri, amechangamka, na nikajipa moyo.

Ukumbi ulijaa. Ilikuwa saa nane mchana, joto, na taa zote zimewashwa bila haja. Walitoka saba, wamepakwa mafuta, wakajipanga. Nilikuwa mstari wa pili na wifi hakuwepo. Kabati alikuwa amekauka kweli. Kifua chake ungehesabu nyuzi moja moja. Mikono, tumbo, mabega, hata mimi niliyempima kila mwezi nilishika mdomo.

Kisha mtangazaji akawaambia wageuke waonyeshe migongo.

Vigimbi havikuwepo. Nilitafuta kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Pale chini ya goti ilikuwa miguu ileile ya siku zote, thelathini na sita, labda na upungufu kidogo, miembamba, inatetemeka. Vidonge vilikuwa vimefanya kazi yake. Vilitoa maji, na maji yalipotoka hapakuwa na nyama chini. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Kuku karudi!" na safu nzima ikaangua kicheko.

Kabati alisikia. Nilimwona akigeuza shingo kuangalia chini nyuma yake, jambo ambalo mshindani hafanyi jukwaani, akaangalia mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto. Sijui alielewa kiasi gani pale. Uso wake ulikuwa ule wa Njiti aliporudi kutoka shuleni. Walimpa nafasi ya sita kati ya saba.

Alianguka chumba cha kubadilishia nguo, suruali nyeusi imefika magotini. Nilipoingia Kocha alikuwa anampiga makofi mashavuni akisema, "Sukari tu, ni sukari, mleteeni soda!" Haikuwa sukari. Watu wa gari la wagonjwa walimpiga shoti ya umeme mara mbili pale sakafuni kati ya mabegi na chupa za mafuta. Baadaye yule daktari mwenye miwani alinieleza: vidonge vile vikizidi huondoka na chumvi mwilini, na moyo uliokwisha kuchoka ukikosa chumvi zake unapoteza mwendo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Hakuna mtu aliyekuwa anamwangalia?" nikasema hakuna. Uongo mwingine huo, maana mimi nilimwangalia siku zote kwa macho na tepu.

Alikaa wodini siku kumi na nane. Safari hii moyo ulisukuma sehemu moja kati ya saba. Ile nafasi aliyoambiwa ilikuwa imekwenda. Nchi nyingine huwa wanabadilisha moyo, daktari alisema, akasema kwa namna ya mtu anayetaja nyota. Siku ya pili alipozinduka vizuri, Kabati alilia. Nilidhani analilia moyo. "Dada," alisema, "hata ile thelathini na tisa haikuwa yangu."

Baada ya hapo mwili ulimwagika. Siwezi kusema vingine. Alipoacha sindano, mwili wake wenyewe ulikuwa umesahau kutengeneza kile ambacho sindano ilikuwa inauletea, kwa hiyo nyama ikayeyuka na huzuni ikaingia mahali pake, huzuni ya kukaa tu, isiyo na sababu ya kuitaja. Nilipunguza mashati yake mara tatu. Mara ya nne nikaona ni afadhali nishone mapya. Wifi alimwogesha asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, akamleta kwangu akitembea hatua ishirini na kupumzika, hatua ishirini na kupumzika, na kutwa nzima alikaa kwenye kiti cha wateja karibu na dirisha. Mteja akijitazama kwenye kioo, yeye aliinamisha macho.

Wifi hakunisema hata siku moja. Ningependa angenisema. Siku moja nilijaribu, nilimshika mkono mlangoni, nikamwambia, "Wifi, ile siku ya soksi..." Akasema, "Leo mpe uji mapema, vidonge vinamchoma tumboni," akaenda zake.

Kocha alikuja mara moja na ndizi. Alikaa dakika kumi akitazama kuta. "Utarudi tu, simba," alisema wakati wa kuondoka, nami nikamwambia kwa mdomo wangu mchafu kwamba arudi yeye na ndizi zake alikotoka na asikanyage kwangu tena. Hakukanyaga. Jimu bado iko wazi. Nimesikia jokofu amenunua kubwa zaidi.

Kisha, mwezi wa saba wa ugonjwa, akaja mwashi mmoja. Ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, mteja wa siku nyingi wa duka la vifaa vya ujenzi, Kabati alikuwa akimpakilia saruji. Alikuja kumjulia hali, na nilimshukuru, maana wengi walikuwa wameacha. Waliongea habari za duka, bei ya nondo, nani ameachishwa. Nikamsikia Kabati anamwambia, pole pole kwa pumzi fupi, "Ile kitu ndugu yangu usiiguse. Niangalie mimi. Mwambie kila mtu." Moyoni nikasema, walau. Walau hilo limepatikana.

Mwashi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu akasogeza kiti, akauliza, "Lakini ule mkono wako wa zamani... ulikuchukua muda gani?"

Kabati alinyanyua macho. "Upi, wa mashindano ya kwanza?"

"Ule wa kipindi ulichokuwa unabeba mifuko miwili."

"Miezi minne," alisema ndugu yangu.

"Acha!"

"Miezi minne. Lakini kulikuwa na mpangilio. Huanzi nazo zote pamoja. Unaanza na ile ya mafuta, mara mbili kwa wiki..."

Akaeleza. Akaeleza ya kwanza na ya pili na wiki ya kubadilisha, sindano gani na kiasi gani, unakula nini asubuhi, unalala saa ngapi. Mkono wake uliokonda ulikuwa unapanda na kushuka hewani. Kwa miezi saba sikuwa nimemsikia akisema sentensi nne bila kusimama kutafuta pumzi, na sasa alisema ishirini, macho yamewaka, anacheka, anamkosoa mwashi, anasema, "Hapana, hapana, huko ni kukimbilia." Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Nilijua ninachokisikia. Neno moja tu lingetosha, Kabati basi, na angenyamaza, na uso ule ungezimika tena. Sikulisema. Nilitaka kumwona akiwa na furaha hata robo saa, na robo saa hiyo nilimlipia kwa mtu mwingine.

Mwashi alikuja tena kesho yake, akiwa na kalamu. Siku ya tatu pia. Ya nne hakumkuta mtu, maana tulikuwa hospitali, na wiki iliyofuata, Jumatano saa tano asubuhi, moyo wa ndugu yangu ulisimama na safari hii haukushtuliwa na umeme wala kitu kingine. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Walimbeba watu wanne tu na hawakutoka jasho.

Makaburini watu walipoanza kuondoka, mwashi alinifuata. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa anasema kweli, machozi yalikuwa machoni. Halafu akashusha sauti.

"Dada, samahani sana kwa kuuliza hapa. Ile sehemu ya mwisho, ya miezi miwili ya mwisho, hakuwahi kunimalizia. Wewe ulikuwepo siku zote. Hukuisikia?"

Nilikuwa nimeisikia zamani, zile Jumapili za kupimwa. Naikumbuka mpaka sasa, neno kwa neno. Nikamwonyesha udongo mbichi kwa kidole, nikamwambia, "Yupo pale. Kamuulize mwenyewe."

Akacheka kidogo, kwa heshima, akafuta macho. Alidhani namtania.